Mishale Iliyoyashinda Maneno

Sisi wapenzi wa maandishi hatupendi kusikia hili, lakini kuna mahali maneno yalishindwa kazi, mchoro ukaichukua.

Ilikuwa Marekani, miaka ya 1970. Kabla ya programu kuandikwa, mchambuzi wa mifumo alieleza kwa maandishi jinsi biashara inavyoendeshwa. Maelezo yakawa kitabu kinene, kikavu. Mwenye biashara anakipekua, anachoka, anatia sahihi. Makosa yanakuja kuonekana programu imekwisha, na pesa nazo zimekwisha.

Edward Yourdon na Larry Constantine walikuwa miongoni mwa walioleta njia nyingine: mchoro wa mtiririko wa data. Kufikia 1979 vilikuwepo vitabu viwili vya kuufundisha, kimoja cha Tom DeMarco, kingine cha Chris Gane na Trish Sarson. Alama zake ni nne tu: mchakato, mshale wa data, hifadhi ya data, na mtu au ofisi iliyo nje ya mfumo. DeMarco alichora mchakato kwa duara. Gane na Sarson, kwa mstatili wenye pembe za mviringo.

Chukua duka la vitabu. Mshale unatoka kwa mteja ukiwa na oda, unaingia duara la "kagua oda", unakwenda kwenye faili la oda. Karani akiutazama anaweza kusema, "Aa, hapana, kwetu oda hupita kwa mhasibu kwanza." Hapo ndipo ninapouona uzito wa mchoro huu: anayeijua kazi anapata nafasi ya kubisha mapema, wala hahitaji kuwa mtaalamu wa kompyuta.

Una sheria zake pia. Mchakato unaopokea data bila kutoa chochote huitwa shimo jeusi. Unaotoa bila kupokea huitwa muujiza. Kwa mwandishi wa habari kama mimi, muujiza ni jambo la kila siku: taarifa nzito, chanzo hakuna.

Mchoro haukuyafukuza maneno, lakini. Hausemi kipi kinaanza wala kwa nini. DeMarco aliambatanisha kamusi ya data, ambamo kila mshale hupewa maana yake, pamoja na maelezo mafupi ya kila mchakato.

Baadaye, mwaka 1997, UML iliidhinishwa kuwa lugha sanifu ya michoro ya mifumo, na vipovu vya DeMarco vikapungua. Ila wataalamu wa usalama wa kompyuta bado wanavichora, wakiuliza swali lilelile: data hii inatoka wapi, na nani anaipokea?