Harry Truman: Jaji wa kaunti aliyechaguliwa kwa tiketi ya chama

Kabla ya kuwa rais wa 33 wa Marekani mwaka 1945, Harry S. Truman alishika cheo cha jaji kwa jumla ya miaka 10 katika Kaunti ya Jackson, jimbo la Missouri. Hakuwa mwanasheria, wala hakuteuliwa na tume yoyote. Alichaguliwa na wananchi kwa tiketi ya Chama cha Democratic, baada ya kuungwa mkono na mtandao wa kisiasa uliokuwa ukiamua nani asimame na nani akae pembeni. Historia yake inaonyesha mzigo anaoubeba jaji anayepanda kwa ngazi ya chama: anakuwa na deni kwa wapiga kura, na deni jingine kwa wale waliomsimamisha.

Cheo cha jaji, kazi ya utawala

Jina la cheo chenyewe linahitaji maelezo. Katika Missouri ya wakati huo, "mahakama ya kaunti" haikuwa mahali pa kusikiliza kesi za wizi au mauaji. Ilikuwa chombo cha utawala cha watu watatu walioitwa majaji, ambao kazi yao ilikuwa kupanga bajeti, kujenga barabara na madaraja, kuajiri wafanyakazi wa kaunti na kusimamia makao ya wazee na watoto wasio na walezi. Kwa macho ya Mwafrika Mashariki wa leo, walifanana na madiwani kuliko mahakimu.

Majaji wawili walichaguliwa kwa kipindi cha miaka miwili: mmoja wa upande wa mashariki, uliokuwa na mji wa Independence na mashamba, na mwingine wa upande wa magharibi, penye jiji la Kansas City. Wa tatu, jaji kiongozi, alichaguliwa na kaunti nzima kwa miaka minne. Kila mgombea alipaswa kwanza kushinda kura za mchujo ndani ya chama chake, kisha kupambana na mgombea wa chama pinzani katika uchaguzi mkuu. Wanademocratic walikuwa na nguvu kubwa katika Jackson, hivyo mara nyingi vita halisi vilipiganwa kwenye mchujo.

Mfanyabiashara aliyefilisika aingia kwenye siasa

Truman alizaliwa mwaka 1884 katika mji wa Lamar, Missouri. Alilima shamba la familia huko Grandview kwa miaka kadhaa, kisha akapigana nchini Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia akiwa kapteni wa kikosi cha mizinga. Aliporudi alifungua duka la nguo za kiume mjini Kansas City pamoja na rafiki yake, Eddie Jacobson. Duka hilo lilifungwa mwaka 1922, na madeni yake yalimwandama Truman kwa miaka mingi.

Mwaka huohuo alipata mwaliko wa kugombea. Vitani alikuwa ametumikia pamoja na Jim Pendergast, mpwa wa Tom Pendergast, aliyekuwa kigogo wa siasa za Kansas City. Mike, baba yake Jim na kaka yake Tom, ndiye aliyeshughulikia siasa za mashariki mwa kaunti. Familia hiyo ilihitaji mgombea anayeheshimika vijijini. Truman alikuwa mkulima, askari mstaafu na mtu mwenye jamaa wengi katika eneo hilo. Katika mchujo wa Agosti 1922, uliokuwa na wagombea watano, alishinda kwa tofauti ya kura zisizofika 300. Januari 1923 akaanza kazi. Kwa kutambua upungufu wake, alijiandikisha katika masomo ya sheria ya jioni mjini Kansas City, lakini hakuyamaliza.

Kushindwa kwa mwaka 1924

Wanademocratic wa Jackson walikuwa wamegawanyika makundi mawili: "Mbuzi" wa Pendergast, na "Sungura" wa Joseph Shannon. Truman na jaji wa upande wa magharibi, Henry McElroy, walipunguza deni la kaunti, lakini ajira walizigawa kwa watu wa kundi lao. Sungura waliokosa mgao hawakusahau. Katika uchaguzi mkuu wa mwaka 1924 walimwacha Truman, na wengi wao wakampa kura mgombea wa Republican, Henry Rummel. Kundi la kibaguzi la Ku Klux Klan, lililokuwa na wafuasi wengi katika eneo hilo, nalo lilimpinga. Truman akashindwa kwa kura zisizofika 1,000.

Huo ndio uchaguzi mkuu pekee alioupoteza katika maisha yake yote. Ugomvi wa nani apate ajira na nani akose ulikuwa na uzito mkubwa katika matokeo hayo kuliko hesabu za kaunti. Kwa muda akajipatia riziki kwa kuuza uanachama wa klabu ya wenye magari mjini Kansas City.

Barabara, zabuni na mkono wa bosi

Mwaka 1926 makundi mawili yalipatana, na Truman akachaguliwa kuwa jaji kiongozi. Alichaguliwa tena mwaka 1930 kwa ushindi mkubwa. Katika miaka hiyo minane alisimamia mabadiliko yanayoonekana hadi leo. Alikuta barabara zilizojengwa vibaya na wakandarasi wenye marafiki. Akawapa kazi ya kupanga mtandao mpya wahandisi wawili, mmoja wa Democratic na mwingine wa Republican, kisha akawaomba wananchi waidhinishe mkopo wa hati fungani. Mwaka 1928 walikubali dola milioni 6.5 kwa ajili ya barabara, baada ya Truman kuahidi kwamba zabuni zitapewa wenye bei nafuu.

Ahadi hiyo ilimgonganisha na wakandarasi waliozoea kupewa kazi kwa jina la Pendergast. Walilalamika kwa bosi. Truman akaitwa kujieleza, akashikilia msimamo wake. Mkataba wa kwanza ulikwenda kwa kampuni kutoka jimbo jingine, South Dakota. Wapiga kura waliidhinisha mkopo mwingine mwaka 1931, na jengo jipya la mahakama likasimama Kansas City, huku lile la Independence likikarabatiwa.

Hata hivyo, Truman hakuwa huru. Katika maandishi ya faragha aliyoyaandika miaka hiyo kwenye hoteli ya Pickwick mjini Kansas City, ambayo sasa yamehifadhiwa katika maktaba yake huko Independence, alikiri kwamba aliruhusu mshirika mmoja wa bosi aibe takriban dola 10,000 za kaunti, ili wezi wasipate mamilioni ya mkopo wa barabara. Alijiuliza kama alitenda haki au alishiriki uhalifu, na hakupata jibu. Hakuna ushahidi kwamba yeye mwenyewe alijitajirisha. Alipoondoka madarakani alikuwa bado na madeni. Lakini fedha za umma zilipotea, naye alijua.

Mwaka 1934 Pendergast alitafuta mgombea wa Baraza la Seneti. Baada ya wengine kukataa, akamgeukia Truman, ambaye alishinda. Alipofika Washington, wapinzani walimwita seneta wa Pendergast.

Missouri yabadili utaratibu

Mwaka 1939 Tom Pendergast alikiri mahakamani kosa la kukwepa kodi ya mapato, akafungwa gerezani. Majaji waliotajwa hadi hapa walikuwa watawala, lakini majaji waliosikiliza kesi nao walikuwa wakichaguliwa kwa tiketi za vyama, na majina yao yalipitia mikononi mwa vigogo haohao. Novemba 1940 wapiga kura wa Missouri walipitisha mabadiliko ya katiba, ambayo yalikuja kujulikana kama Mpango wa Missouri.

Chini ya mpango huo, tume yenye wanasheria na raia wa kawaida hupendekeza majina matatu, na gavana humteua mmoja. Baada ya kutumikia angalau mwaka mmoja, jaji hupelekwa kwa wananchi bila mpinzani na bila jina la chama. Swali ni moja tu: aendelee au asiendelee. Utaratibu huo ulianzia katika mahakama za juu za jimbo pamoja na mahakama za jiji la St. Louis na Kaunti ya Jackson. Majimbo mengine yaliuiga. Wasikilizaji wa Kenya, Uganda na Tanzania wataona mfanano na tume za utumishi wa mahakama katika nchi zao, isipokuwa kwamba huku mwananchi hapigi kura ya kumbakiza jaji.

Kura za vyama hazikufutika lakini. Katika kaunti nyingi za vijijini za Missouri, na katika majimbo kama Texas, majaji wa kusikiliza kesi bado huchaguliwa kwa tiketi ya chama. Wanaoutetea utaratibu huo husema kwamba tume nazo zina siasa zake, ila zimejificha, na kwamba jaji anayemwogopa mpiga kura ni bora kuliko anayemwogopa gavana. Wanaoupinga huuliza kama mshitakiwa anaweza kutazamia haki kutoka kwa mtu aliyechangiwa fedha za kampeni na mawakili wanaosimama mbele yake.

Tom Pendergast alifariki dunia Januari 1945, siku chache baada ya Truman kuapishwa kuwa makamu wa rais. Washauri hawakupenda aonekane huko, lakini alisafiri kwa ndege hadi Kansas City kuhudhuria mazishi. Alisema Pendergast alikuwa rafiki yake. Wapo waliouona uaminifu, na wapo walioliona deni la mwaka 1922 likilipwa hadi kaburini.