Mgodi wa Turów: Makaa ya Poland, visima vya Czech

Katika kona ya kusini magharibi mwa Poland, pale mipaka ya nchi hiyo, Ujerumani na Jamhuri ya Czech inapokutana, kuna shimo lenye kina cha zaidi ya mita 200. Huo ni mgodi wa Turów. Unatoa makaa ya mawe ya kahawia, aina yenye unyevu mwingi na joto dogo ambayo haina faida kusafirishwa mbali, hivyo huchomwa papo hapo katika mtambo wa umeme uliojengwa kando yake. Mgodi na mtambo vyote ni mali ya PGE, kampuni ya nishati ambayo mwenye hisa nyingi ni serikali ya Poland. Mwaka 2021 shimo hilo liliwafikisha majirani wawili, wote wanachama wa Umoja wa Ulaya, mbele ya Mahakama ya Haki ya Ulaya mjini Luxembourg. Fidia na faini zilizofuata zilizidi euro milioni 110, na uchimbaji haukusimama hata siku moja.

Maji yanayovuka mpaka

Chanzo cha mzozo si moshi, ingawa eneo hilo lina historia yake ya moshi. Katika miongo ya mwisho ya tawala za kikomunisti liliitwa Pembetatu Nyeusi, kwa kuwa salfa kutoka mitambo ya nchi tatu ilileta mvua ya tindikali iliyoangamiza misitu ya misonobari kwenye milima ya Jizera. Vichujio vilivyofungwa baada ya mabadiliko ya kisiasa vilipunguza sana tatizo hilo. Kilichobaki ni maji.

Mgodi wa wazi hauwezi kuchimbwa ndani ya maji. Pampu hufanya kazi usiku na mchana kuyaondoa yaliyo chini ya ardhi, na kiwango chake hushuka si ndani ya shimo tu bali pia katika ardhi inayolizunguka, kama mchanga wa ufukweni unavyoporomoka kuelekea shimo linalochimbwa. Tabaka za mchanga na changarawe zinazobeba maji hayo hazijui mpaka ulipo. Kijiji cha Uhelná, ambacho jina lake linatokana na neno la Kicheki la makaa, kiko upande wa pili wa mpaka, na wakazi wake kwa miaka mingi wametegemea visima. Maji yalipoanza kupungua, viongozi wa mkoa wa Liberec walionya kwamba maelfu ya watu huenda wakakosa maji ya kunywa iwapo mgodi ungeendelea kusogea mpakani. Upande wa Ujerumani, mji wa Zittau ulihofia jambo jingine: ardhi iliyonyonywa maji hutitia, na nyumba zilizo juu yake hupata nyufa. Mji huo nao uliwasilisha malalamiko kwa Halmashauri Kuu ya Umoja wa Ulaya mnamo Januari 2021.

Miaka sita bila tathmini

Kisheria, hoja ilikuwa finyu kuliko watu wengi wanavyodhani. Umoja wa Ulaya hauzuii nchi mwanachama kuchimba makaa. Unachodai, kupitia agizo lake kuhusu tathmini ya athari kwa mazingira, ni kwamba mradi mkubwa wa aina hiyo uchunguzwe kabla ya kupewa kibali, na kwamba jirani anayeweza kuathirika apewe taarifa na nafasi ya kusema.

Leseni ya Turów ilikuwa imalizike mwishoni mwa Aprili 2020. Mwezi Machi mwaka huo Poland iliirefusha kwa miaka sita, ikitumia kifungu cha sheria yake kilichoruhusu uchimbaji wa makaa ya kahawia uongezewe muda mara moja bila tathmini mpya. Serikali ya Czech ililalamika Brussels, na Desemba 2020 Halmashauri Kuu ikakubaliana nayo kwamba sheria ya Ulaya imekiukwa. Hata hivyo haikwenda mahakamani. Czech ilikwenda yenyewe, Februari 2021. Hatua ya namna hiyo, ya nchi moja mwanachama kuishtaki nyingine, mkataba wa Umoja wa Ulaya unairuhusu lakini huchukuliwa kwa nadra sana, maana serikali hizo hukutana kila wiki kwenye meza moja na kila moja huihitaji kura ya mwenzake.

Mei 21, 2021, makamu wa rais wa mahakama hiyo, Rosario Silva de Lapuerta, aliiamuru Poland isimamishe uchimbaji mara moja hadi hukumu itakapotolewa. Alieleza kuwa kushuka kwa maji ya chini ya ardhi ni madhara yasiyoweza kurekebishwa kwa fedha, na kwamba Poland haikuthibitisha vya kutosha dai lake kuwa usalama wake wa nishati ungekuwa hatarini. Poland ilikataa. Waziri Mkuu Mateusz Morawiecki alisema mtambo wa Turów huwapa umeme mamilioni ya raia na hauwezi kuzimwa kwa amri. Serikali yake pia iliuliza, na swali hilo lilikuwa na uzito, kwa nini Ujerumani na Czech zenyewe ziendelee kuchimba makaa yaleyale. Wakati huohuo ilikuwa imekwisha kutoa leseni nyingine, ya kufika mwaka 2044, na mwezi uleule wa Mei kitengo kipya cha kuzalisha umeme kilianza kazi Turów.

Czech iliomba faini ya euro milioni 5 kwa siku. Septemba 20, 2021, mahakama iliweka euro 500,000 kwa siku, na Poland ikasema haitalipa.

Makubaliano ya Prague

Mabadiliko ya serikali mjini Prague yalifungua njia. Februari 3, 2022, Waziri Mkuu mpya wa Czech, Petr Fiala, na Morawiecki walitia saini makubaliano: Czech ilipwe euro milioni 45, ambapo milioni 35 zilitoka kwa serikali ya Poland na milioni 10 kwa wakfu wa PGE, Poland ikamilishe ukuta wa chini ya ardhi wa kuzuia maji yasivuje kuelekea mgodini, lijengwe tuta la udongo la kupunguza vumbi na kelele, na pande zote mbili zipewe takwimu za vipimo vya maji. Kwa upande wake, Czech iliondoa kesi. Siku hiyohiyo ya utiaji saini, wakili mshauri wa mahakama, Priit Pikamäe, alichapisha maoni yake kwamba Poland ilivunja sheria iliporefusha leseni bila tathmini. Maoni hayo hayakupata nafasi ya kuwa hukumu.

Faini haikufutwa pamoja na kesi. Ilikuwa imefika euro milioni 68.5, na Halmashauri Kuu iliikata kutoka fedha ambazo Poland ilistahili kupata kwenye bajeti ya Umoja. Poland ilipinga, ikidai kuwa makubaliano yalifuta deni. Mei 29, 2024, Mahakama ya Awali ya Umoja wa Ulaya iliikatalia.

Kwa Uhelná matokeo ni ya mchanganyiko. Fedha zilisaidia kugharamia miundombinu ya maji katika mkoa wa Liberec, jambo ambalo mkazi wa kijiji hawezi kulibeza. Lakini wataalamu wa jiolojia wa Czech waliripoti baadaye kwamba kiwango cha maji chini ya kijiji kiliendelea kushuka licha ya ukuta. Usimamizi wa Mahakama ya Ulaya juu ya makubaliano uliwekewa miaka mitano, baada ya Poland kutaka muda mfupi zaidi na Czech mrefu zaidi. Muda huo unaisha mwaka 2027. Leseni inaisha 2044.

Bogatynia na mfuko uliopotea

Katika simulizi hii wafanyakazi wa Turów huonekana mara nyingi kama kikwazo tu, na hiyo si haki. Mji wa Bogatynia umezungukwa na mipaka pande tatu na una mwajiri mmoja mkubwa. Mgodi na mtambo vinaajiri maelfu. Umoja wa Ulaya ulianzisha Mfuko wa Mpito wa Haki hasa kwa maeneo kama hilo, ili wachimbaji wapate mafunzo na kazi nyingine makaa yanapoachwa. Sharti ni kuwa na mpango wa kuacha. Kwa kuwa Poland ilishikilia mwaka 2044, Brussels ilipoidhinisha mikoa mitano ya Poland mwishoni mwa 2022, eneo la Turów halikuwemo. Uamuzi uliotetewa kwa jina la wachimbaji ukawakosesha fedha za maandalizi.

Namna shimo linavyoweza kuzikwa inaonekana si mbali na hapo, upande wa Ujerumani. Mgodi wa Berzdorf, karibu na Görlitz, ulifungwa mwaka 1997. Ujazaji wa maji ulianza 2002 na kukamilika 2013, na leo ni ziwa la zaidi ya kilomita za mraba 9. Sehemu ya maji hayo ilitoka katika mto Neisse, mto uleule ambao ni mpaka wa Ujerumani na Poland. Shimo la Turów lina kina kikubwa zaidi, na siku litakapojazwa litahitaji maji ambayo watu wa bonde hilo wanayagawana tayari.

Lithiamu chini ya mpaka

Suala hili halitaondoka na makaa. Magharibi zaidi, katika milima inayotenganisha Ujerumani na Czech, lithiamu inayotakiwa kwa betri za magari ya umeme iko ndani ya mwamba mmoja unaopita chini ya mpaka. Upande wa Czech mradi unaitwa Cínovec na mmoja wa wamiliki wake ni kampuni ya nishati ya ČEZ. Upande wa Ujerumani unaitwa Zinnwald. Yote miwili imepangwa kuwa migodi ya chini ya ardhi, na pande zote mbili wapo wakazi wanaouliza kuhusu vyanzo vyao vya maji.

Sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu malighafi muhimu, iliyoanza kutumika Mei 2024, inalenga kwamba ifikapo 2030 angalau asilimia 10 ya mahitaji ya kila mwaka ichimbwe ndani ya Umoja na asilimia 25 itokane na urejelezaji. Miradi iliyotajwa kuwa ya kimkakati, Cínovec ukiwemo tangu Machi 2025, inapaswa kupata jibu la kibali cha uchimbaji ndani ya miezi 27. Tathmini ya athari kwa mazingira bado ni lazima, na jirani bado ana haki ya kuulizwa. Kilichofupishwa ni muda wa kumsikiliza.