Schulz (jina la ukoo)

Schulz ni jina la ukoo la Kijerumani lililozaliwa na cheo. Katika Kijerumani cha kale, sculdheizo alikuwa mtu wa kuwaamuru wenzake watimize wanachodaiwa: kodi, faini, siku za kazi katika shamba la bwana. Tanganyika ya zamani ingemwita jumbe. Cheo hicho baadaye kilitamkwa Schultheiß, kikafupishwa kuwa Schulze, kisha Schulz.

Jina lilishamiri hasa mashariki ya mto Elbe, wakulima wa Kijerumani walipohamia huko tangu karne ya 12. Mabwana wa ardhi walimpa wakala kazi ya kuwakusanya wahamiaji na kuwagawia viwanja. Kijiji kikishasimama, mara nyingi wakala huyo ndiye aliyekuwa mkuu wake, na mwanawe akarithi. Alipewa shamba lisilotozwa kodi, pengine na kinu au kilabu cha pombe, pamoja na theluthi ya faini za baraza aliloliongoza mwenyewe. Hakimu wa namna hiyo hakosi kesi. Kwa kuwa kila kijiji kilikuwa na mkuu wake, akina Schulz hawana babu mmoja.

Tahajia hudokeza walikotoka. Scholz ni la eneo la Silesia zaidi, Schulthess ni la Uswisi. Uholanzi cheo kiliitwa schout, ndiko lilikotoka Schouten, jina la baharia Willem Schouten aliyeizunguka Rasi Hoorn mwaka 1616. Wasomi waliopenda Kilatini walijiita Praetorius, kama mtunzi wa muziki Michael Praetorius, ambaye ukoo wake ulikuwa Schultze. Poland ililichukua neno likawa sołtys, na hadi leo sołtys ni mkuu wa kijiji anayechaguliwa na wanakijiji.

Miongoni mwa wenye jina hili, mwandishi mkubwa kuliko wote ni Bruno Schulz (1892–1942), Myahudi wa mji wa Drohobych aliyeandika kwa Kipolandi na kuuawa kwa risasi mtaani na ofisa wa Gestapo. Anayejulikana zaidi ni Mmarekani Charles M. Schulz (1922–2000), mtoto wa kinyozi mzaliwa wa Ujerumani, aliyechora katuni za Peanuts kwa karibu miaka 50. Theodore Schultz alishiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1979. Katika siasa wamo Martin Schulz, Rais wa Bunge la Ulaya 2012–2017, na Olaf Scholz, Chansela wa Ujerumani 2021–2025.