Mbasa wa Ruhuhu na Sheria Zake

Historia ya Ziwa Nyasa tunayoijua wengi wetu ni ya wageni na meli. Livingstone alifika mwaka 1859. Mwaka 1890 Wajerumani na Waingereza wakagawana mipaka huko huko kwao Ulaya. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, ikaipiga mizinga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo pale Liuli, mahali ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen. Mtihani ukija, majibu ndiyo hayo. Samaki je? Samaki hana swali.

Lakini, ndugu msomaji, watu wa Lituhi, Liuli na Mbamba Bay hawakula meli. Walikula samaki, na samaki naye ana historia yake. Leo tumtazame mmoja tu: mbasa.

Sisi wa Songea mjini samaki tunamjua akishafika sokoni, kwenye beseni. Wa ziwani wanamjua angali na safari zake. Mbasa ni samaki mwenye magamba ya fedha, anayefikia karibu nusu mita. Anaishi ziwani, lakini hazalii ziwani. Mvua zikinyesha na mito ikapanda, anaacha maji makubwa, anaingia mtoni na kukata mkondo mpaka apate maji safi yaendayo kasi juu ya changarawe. Hapo ndipo anapotaga. Kwa upande wetu wa ziwa, mto wake mkubwa ni Ruhuhu, unaoshuka kutoka nyanda za juu za Njombe.

Hapo ndipo penye kazi. Samaki wa ziwani ukimkosa leo, kesho utamtafuta kwingine. Mbasa anapita mlango mmoja, kwa msimu unaojulikana. Anayetega nyavu kuziba mlango wa mto hahitaji ujuzi wala bahati. Anavuna mama pamoja na mayai yake, na mwaka unaofuata anashangaa mbona mto umekuwa kimya.

Usidhani natia chumvi. Ziwa Victoria walikuwa na samaki wao, ningu, wa ukoo mmoja na mbasa na mwenye tabia hiyo hiyo ya kupanda mito kutaga. Nyavu za kutega zilipoenea katika karne ya 20, zikawekwa milangoni mwa mito. Kufikia miaka ya 1960 uvuvi mkubwa wa ningu ulikuwa umeshaporomoka. Ningu hakuisha kabisa, lakini ile neema ya msimu haikurudi kama zamani.

Je, sheria hakuna? Zipo, bwana, tena nyingi. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza baruti na sumu, na hapo hata utupa, ule mmea wa kuleweshea samaki, haukusalimika. Vijijini kuna vikundi vya BMU, ambamo wavuvi wenyewe ndio walinzi. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15 ili samaki wapumzike wazaliane. Kwa hiyo kumpa samaki likizo si ndoto.

Ila mbasa ana mashitaka mawili, na la pili halipo ziwani. Shamba likilimwa mpaka ukingoni mwa mto, mvua inakokota udongo, udongo unafunika changarawe, mayai yanakosa hewa. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli za watu zikae mita 60 kutoka kingo za mto. Sasa hebu fikiri: mkulima wa milimani, ambaye pengine hajawahi kuliona ziwa, ndiye ameshika kitoweo cha mvuvi wa Lituhi. Na mdomoni mwa mto, ng'ambo hii ni Lituhi, wilaya ya Nyasa mkoani Ruvuma. Ng'ambo ile ni Manda, wilaya ya Ludewa mkoani Njombe. Mbasa mmoja, mikoa miwili. Upande mmoja ukifunga mlango wakati mwingine unatega, ni sawa na kuteka maji kwa pakacha.

Ndiyo maana nasema mbasa hawezi kulindwa na mvuvi peke yake. Sheria yake lazima iwe ndefu kama mto wenyewe, kutoka shamba la juu mpaka mtumbwi wa chini.

Na sisi vijana tunaojidai waandishi? Mipaka ya 1890 ina vitabu vyake. Safari ya mbasa, majina ya vituo vyake, miiko ya wazee waliomvua, mengi yake yamo vichwani mwa watu, na vichwa hivyo vinazeeka. Chukua daftari, panda gari la Lituhi, ukaulize. Tusingoje mbasa naye awe swali la mtihani: "Taja samaki aliyekuwepo zamani katika mto Ruhuhu."