Ngano ya Chapati ya Maji

Najua nimepotea. Wiki tatu sijaandika kitu humu, na wengine mmeshaanza kuniuliza kwenye simu kama nimedisko. Sijadisko! Ni hizi semina, kila mwalimu anataka kazi yake wiki moja na mwenzake, kama vile wamekaa kikao.

Leo Jumapili, mvua inanyesha tangu alfajiri, bumu halijaingia, na kantini wamepandisha bei tena. Kwa hiyo nitawaandikia kuhusu kitu kilichotulisha mimi na shoga yangu muhula mzima: chapati za maji. Msicheke. Mimi nasoma ualimu, Historia na Kiswahili, na muhula huu kikaango cha chapati kimeniumbua mbele ya darasa zima. Subirini nitafika huko.

Kwanza tupike. Vikombe viwili vya unga wa ngano, chumvi kidogo, vijiko vitatu vya sukari, mayai mawili kama yapo (kama hayapo maisha yanaendelea), na iliki ya kutwanga. Halafu maji, au maziwa, au nusu kwa nusu, kama vikombe viwili na nusu. Siri ni kutomimina maji yote kwa mkupuo. Unaanza na machache, unakoroga mpaka upate uji mzito usio na mabonge, ndipo unauongezea maji hadi uteleze kwenye upawa. Ukimwaga yote mara moja utakimbizana na madonge mpaka magharibi. Ukishamaliza uache mchanganyiko wako ukae nusu saa. Watu wengi wanaruka hapa, halafu wanalalamika chapati zinakatika. Unga unataka muda wa kunywa maji.

Kikaango kipate moto wa wastani, mafuta kidogo tu, mimina upawa mmoja, zungusha kikaango mpaka uji utande. Juu pakikauka na pembeni pakianza kuinuka, geuza. Ya kwanza huwa inaharibika, hiyo ni ya mpishi.

Sasa, mimi ni mtoto wa Tanga, na kwa bibi yangu hiki ninachokipika wala hakihesabiwi kuwa ni chakula cha wageni. Kwake yeye kitu cha heshima ni vibibi. Vile vya mchele ulioroweshwa usiku kucha, ukasagwa, ukachanganywa na tui la nazi na hamira, ukaumuka. Unamimina hivyo hivyo, ila vinakuwa vinene, laini, vina vitundu juu, halafu unavimwagia tui zito lenye sukari na iliki. Nikipika za ngano bibi anasema, "Mwanangu, hizo ni za njaa." Nilikuwa nadhani anaringa tu kama wazee wa pwani wanavyoringa. Kumbe bibi ana historia yake kichwani, na iko sahihi kuliko notisi zangu.

Angalieni. Ibn Battuta alipita pwani yetu mwaka 1331. Huyu bwana alikuwa anapenda kula na kuandika alichokula. Kule Mogadishu aliandika kuhusu wali wa samli na vitoweo vyake, ndizi kwenye maziwa, achari za ndimu na pilipili. Mombasa akaandika kuhusu ndizi na samaki, na kwamba nafaka huletwa kutoka maeneo mengine ya pwani. Mchele na nazi, basi, ni wa zamani kwenye majiko yetu. Vibibi, vitumbua, mkate wa kumimina, vyote hivyo ni ukoo wa mchele.

Ngano haipendi joto la pwani. Inataka nyanda za juu, baridi, mvua ya kiasi. Unga wake ulikuwa unakuja kwa jahazi na meli, ukaliwa na wenye uwezo. Na jina lenyewe chapati ni la Kihindi, hilo halina ubishi. Wafanyabiashara wa Kihindi walikuwepo pwani siku nyingi, halafu Waingereza walipojenga reli kutoka Mombasa kwenda Kisumu, kati ya 1896 na 1901, wakaleta vibarua kama 32,000 kutoka India. Hata hii ya kumimina ina ndugu huko: Zanzibar wanayo chila, na Wahindi wana chapati yao ya uji uji wanaiita hivyo hivyo, chila. Kenya nako masetla wakaanza kulima ngano, Lord Delamere akahangaika nayo Njoro mpaka ugonjwa wa kutu ukamtia hasara, na mwaka 1908 akaanzisha kampuni ya kusaga, Unga Limited.

Sawa, tumefika kwetu, baada ya uhuru. Hapa ndipo bibi anaposema "za njaa". Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, liliundwa mwaka 1968, na kwa miaka mingi unga uliokula mjini ulikuwa wa NMC. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mambo yakakaza. Vita vya Kagera vilikuwa vimeisha, fedha za kigeni hakuna, ndio miaka ile ya foleni za sabuni na sukari, mpaka ikaja 1983 na msako wa wahujumu uchumi wa Sokoine. Bibi anasimulia kwamba unga ukipatikana ulikuwa kidogo, na mafuta kidogo zaidi. Chapati za kusukuma zinakula unga na zinakunywa mafuta. Ukiongeza maji kwenye unga ule ule, watoto saba wanakula. Ndiyo maana mpaka leo ukimpa chapati ya maji anaiangalia kama mtu aliyekutana na mdeni wake wa zamani.

Hiyo ni upande wa walaji. Upande wa shambani ndiko nilikoumbuka.

Semina yetu mwezi uliopita ilikuwa kuhusu kilimo baada ya uhuru. Mimi nikachukua mashamba ya ngano ya Basotu, Hanang. Nilikuwa nayo kwenye notisi zangu za Kidato cha Sita, mistari kama minne hivi: msaada wa Kanada, matrekta, mbegu bora, taifa kujitosheleza. Nikasimama pale mbele, nikatiririka. Mradi ulianza mwishoni mwa miaka ya 1960, NAFCO ikaundwa 1969 kusimamia mashamba ya taifa, Wakanada wakatoa wataalamu na mashine mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mashamba saba, kila moja karibu ekari 10,000. Nikasema, nakumbuka maneno yangu mwenyewe, kwamba ardhi ile ilikuwa "pori lisilotumika". Watu wakapiga makofi, mwalimu akaandika kitu.

Shoga yangu alikaa kimya. Yeye ni wa Katesh, kule kulikokumbwa na maporomoko ya tope Desemba 2023, mkaona kwenye habari. Ni Mbarabaig. Hosteli wanamwita Mang'ati kwa utani na mimi pia nilikuwa namwita hivyo, mpaka aliponiambia kwamba hilo ni jina walilopewa na Wamasai, maana yake adui. Nimeacha.

Jioni yake tuko kwenye geto lake nje ya chuo, jiko la gesi la plati moja, mimi nakoroga, yeye anakata vitunguu. Akaniambia bila hata kugeuka:

"Shoga, lile pori lako lisilotumika, babu zangu wamezikwa pale."

Nikaacha kukoroga.

Akanieleza taratibu, kama anavyomweleza mtoto. Mzee wa heshima kwa Wabarabaig akifa anajengewa bung'eda, kaburi la kichuguu kirefu cha udongo. Ujenzi wake na ibada zake huchukua miezi, na pombe ya asali lazima iwepo. Ukoo unajua bung'eda la nani liko wapi, na unarudi kuzuru. Matrekta yalipoingia yalilima tambarare yote. Makaburi nayo yakalimwa. La babu mzaa babu yake ni mojawapo. Familia inajua liko upande gani wa shamba, lakini la kuonyesha kwa kidole halipo.

Nikaenda maktaba siku mbili mfululizo. Kuna kitabu cha Charles Lane cha mwaka 1996, Pastures Lost, kinaeleza jambo ambalo notisi zangu hazikuwa nalo. Wabarabaig wanahama na mifugo kwa msimu. Ile tambarare yenye udongo mzuri ilikuwa sehemu ndogo ya nchi yao, lakini ndiyo yenye malisho bora, wanaingia kwa wakati wake kisha wanaiacha nyasi zipumzike. Sasa mpima ardhi akija mwezi ambao wametoka, anaona nini? Nyasi tupu, hakuna nyumba, hakuna mahindi. Anaandika: haina mtu. Kumbe ni kama kuingia darasani wakati wa likizo ukasema shule haina wanafunzi! Ikishalimwa, ng'ombe wanabanwa kwenye ardhi duni, njia za kwenda kwenye maji na kwenye chumvi zinapita shambani, ukipitisha mifugo unakamatwa na kutozwa faini.

Walikwenda mahakamani, jamani, hawakukaa tu. Kijiji cha Mulbadaw na wanakijiji wake waliishitaki NAFCO, na mwaka 1984 Mahakama Kuu ikawapa ushindi. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaupindua. Sababu mojawapo: kijiji hakikuthibitisha kwamba kiligawiwa rasmi ardhi ile. Sababu nyingine ndiyo iliyonifanya nisome ukurasa mara tatu: baadhi ya walalamikaji hawakuthibitisha mahakamani kwamba wao ni "wenyeji" kwa maana ya Sheria ya Ardhi. Sheria yenyewe ni ya mkoloni, ya mwaka 1923. Yaani Mbarabaig, Hanang, alete ushahidi kwamba ni mwenyeji! Halafu mwaka 1987 serikali ikatoa tangazo la kufuta haki za kimila za ardhi katika maeneo hayo. Mpaka 1994, kwenye kesi nyingine kabisa, ya Lohay Akonaay, ndipo Mahakama ya Rufani iliposema haki ya kimila kwenye ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Kwa watu wa Mulbadaw ilikuwa imechelewa miaka tisa.

Sitaki kuwa mwongo upande wa pili. Mtu wa mjini alitaka mkate, na Kanada walisaidia hata kiwanda cha mikate cha kisasa Dar es Salaam miaka hiyo ya 1970. Nchi inayoagiza chakula kwa fedha za kigeni isizokuwa nazo ina haki ya kutafuta shamba. Nikimsoma mpangaji wa wakati ule namwelewa. Ninachoshindwa kuelewa ni kwa nini hakuna aliyekaa kuuliza zile nyasi ni za nani. Na mwisho wa yote, NAFCO ikaja kubinafsishwa, na bado sehemu kubwa sana ya ngano tunayokula nchini inatoka nje. Mwaka 2022 Urusi ilipoivamia Ukraine, mama wa maandazi pale getini alipunguza ukubwa wa maandazi yake, bei ikabaki ile ile. Alijua uchumi wa dunia kabla ya sisi wa semina.

Nilimwomba mwalimu nirudie kuwasilisha. Akasema muda hakuna, niandike marekebisho kurasa mbili. Nimeandika saba. Maksi zangu nadhani zitashuka, maana mle ndani nimeandika pia kwamba nilikosea wapi, na kwamba mwakani nikienda mazoezi ya kufundisha nitakuta mistari ile ile minne kwenye madaftari ya watoto.

Haya, turudi jikoni, maana nilitaka kusema chapati zinaliwa na nini. Mimi napenda kuzikunja na sukari na ndimu, au kupaka siagi ya karanga na kulaza ndizi mbivu katikati. Siku ya bumu tunaweka nyama ya kusaga. Ukitaka za chumvi, toa sukari, tia kitunguu, karoti ya kukwaruza na pilipili mbichi kwenye uji wenyewe, ule na chai ya rangi. Kwa wale wa pwani wenzangu, jaribuni kuweka tui badala ya maji halafu mmwage tui jingine juu kama vibibi. Bibi alionja Krismasi iliyopita. Akasema "afadhali", akala nne, kwi kwi kwi.

Shoga yangu yeye hataki mambo mengi. Asali tu. Ana chupa ya soda aliyotumiwa na mama yake kwa basi, nyeusi, nzito, ina vipande vya masega. Jana usiku alimwaga kijiko kimoja katikati ya chapati, akaitazama inavyotambaa, akasema kwao asali kwanza ni ya wazee, sisi wasichana tunaila kwa sababu tuko mbali na nyumbani. Tukacheka. Akaniuliza kama kwenye kurasa zangu saba nimeandika neno bung'eda. Nikamwambia nimeandika. Akaniuliza nimeliandikaje, na alama ya ng'ong'o ipo? Nikafungua laptopu tukaangalia. Haikuwepo. Tukaiweka.

Mvua imepungua kidogo. Unga umebaki kikombe kimoja na kazi inapokelewa kesho saa mbili asubuhi, kwa hiyo naenda kuchapisha kabla mwenye stesheni hajafunga.