Chatu wa Makunduchi

Bibi yangu anaishi Mkunazini, ghorofa ya pili, na tangu nizaliwe sijamwona akikanyaga msitu. Kwao ni Makunduchi, kusini mwa Unguja, lakini tukienda huko kwa Mwaka Kogwa yeye hukaa barazani hadi tuondoke. Nilikuwa mkubwa tayari nilipoambiwa sababu. Mdogo wake, mtoto wa miaka saba, alimezwa na chatu.

Ilikuwa 1955 au karibu na hapo. Mtoto alitumwa jioni kuwafuata mbuzi, mbuzi wakarudi wenyewe. Watu walitoka na karabai usiku kucha, wakasaka siku tatu. Kilichopatikana ni kofia yake, imenasa kwenye miiba.

Nilipoanza shahada ya uzamili ya historia nikajifanya mjuzi. Nikamwambia, "Bibi, chatu hamezi mtu." Hakuinua macho, aliendelea kuchambua mchele wake. "Haya, mjukuu wangu. Wewe ndiye uliyesoma."

Ukweli ni kwamba nilikuwa sijasoma lolote juu ya jambo hilo. Basi nikaanza.

Pwani yetu haina uhaba wa viumbe vinavyomeza watu. Sindbad Baharia, katika safari yake ya tatu, anaona wenzake wakimezwa na joka mmoja mmoja kila usiku, naye anaokoka kwa kujifunga mbao mwili mzima. Askofu Edward Steere alipokusanya ngano za Unguja na kuzichapisha London mwaka 1870, mojawapo ilikuwa ya Nunda mla watu, ambaye wengi tunamkumbuka kama joka ilhali ni paka. Nilizisoma ngano hizo wiki nzima wakati nilipaswa kuandika sura ya pili ya tasnifu yangu, na sijutii, ila hazikunipa jibu la swali la Bibi.

Tukio la kweli lililo jirani nasi ni la Malindi. Ya Kenya, si hii yetu ya bandarini. Aprili 2009, siku za Pasaka, msimamizi wa shamba mmoja huko alikanyaga kitu laini, na kabla hajajua ni nini chatu alikuwa amekwisha kumzonga. Wakapambana kwa saa kadhaa, akaburutwa hadi juu ya mti. Kwa maelezo yake mwenyewe, alimng'ata nyoka mkia, akamfunika kichwa kwa shati ili asipate kummeza, na chatu alipolegea kidogo akachomoa simu mfukoni akaita msaada. Polisi na wanakijiji waliwashusha wote wawili kwa kamba. Chatu alipelekwa kwenye hifadhi ya nyoka, na usiku uleule akatoroka. Habari ilizunguka dunia nzima, watu wakacheka. Mimi sikuweza kucheka.

Mtu yule alikuwa mzima wa mwili, na chatu wetu wa Afrika akikutana na mtu mzima hukwama mabegani. Swala ni mwembamba mbele, anateleza. Kuna chatu wa karibu mita tano aliyekutwa na swala wa kilo 59 tumboni. Binadamu ana mabega mapana. Mwaka 1979, kaskazini mwa Afrika Kusini, chatu wa mita nne na nusu alimuua kijana wa miaka 13 mwenye kilo 45, lakini hakummeza. Waliothibitika kumeza watu wazima ni chatu wa Asia, aina nyingine iliyo ndefu zaidi. Machi 2017, kisiwani Sulawesi, Indonesia, mkulima wa miaka 25 alitoweka akienda shambani. Wanakijiji wakamkuta chatu wa mita saba amelala palepale shambani, tumbo limefura, hawezi kwenda popote. Walipompasua, mtu wao alikuwa ndani, mzima na nguo zake.

Hapo ndipo ujuzi wangu ulipoanza kuniaibisha. Mtoto wa miaka saba hana mabega ya kumkwamisha nyoka. Uzito wake ni kama kilo 20, yaani mwepesi kuliko mbuzi wengi, na chatu wapo Unguja hadi leo. Nilikuwa nimemwambia Bibi kwamba jambo hilo haliwezekani, kumbe linawezekana.

Lakini yule nyoka wa Sulawesi hakunitoka akilini. Chatu aliyemeza mnyama mkubwa hulala siku nyingi akiyeyusha chakula, mzito, rahisi kuonekana. Makunduchi walisaka siku tatu, watu wanaokijua kila kichaka, na hawakuona nyoka. Ardhi ya kule ni mawe ya matumbawe, imetobokatoboka. Pango la Kuumbi, jirani na Jambiani, ni kubwa kiasi kwamba watu walilitumia maelfu ya miaka iliyopita. Mashimo madogo hayana majina, na mengine yamefunikwa na mitambaa, huyaoni mpaka umo ndani.

Nikaenda Mkunazini na daftari langu. Nilianza kwa kuomba radhi, nikakiri kwamba chatu anaweza kummeza mtoto. Bibi akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa kwamba bahari ina chumvi.

"Mama alikuwa akiuliza swali moja tu," akasema. "Kila usiku. Mwanangu aliniita, nami sikumsikia? Wazee wakamwambia hapana. Chatu akibana, mtu hana sauti. Hata pumzi moja hapati."

Hilo nalo nilikuwa nimelisoma. Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2015 walipima panya waliobanwa na nyoka wa jamii ya boa, wakakuta damu inaacha kuzunguka ndani ya sekunde chache. Nikamwambia Bibi kwamba wazee walisema kweli.

"Walikuwa watu wema wale," akasema. "Mwaka uleule walikata magogo wakaziba mashimo yote ya njia ya mbuzi. Kazi ya mwezi mzima."

Nikamtazama. Alikuwa amerudi kwenye ungo wake, anapuliza makapi. Nikafunga daftari, nikavuta kigoda, nikamsaidia kutoa mawe kwenye mchele.