Oili ya mashine ya kusaga matawi: nilivyokosea Embu

Mtu wa pwani akionekana Meru, swali la kwanza ni kama amefuata mirungi. Mimi nilifuata pampu, na kosa lililonipeleka huko lilikuwa langu mwenyewe.

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo, ni mtu wa Embu. Yeye na wenzake wanne walichanga pesa wakanunua mashine ya kusaga matawi, iliyokwisha kutumika Ulaya na kushushwa hapa kwetu Kilindini. Huko kazi haikosekani. Mashamba ya kahawa na chai ya Embu na Meru yamejaa migrevilea, miti yenye asili ya Australia, na kila inapopogolewa matawi hubaki marundo. Mashine huyageuza vipande vidogo vya kutandaza chini ya kahawa ili udongo ushike unyevu, au vya kuwashia moto wa boila.

Nina diploma ya ufundi wa mitambo, na nilishinda karakana miaka kadhaa kabla ya kushika kalamu. Basi shemeji akanipigia simu: "Shemeji, tutie oili gani ya haidroliki?" Nikamjibu hata bila kukaa kitako: "Tieni 68." Ndiyo tuliyokuwa tukitumia Mombasa, na haikutuharibia kitu.

Wao walikuwa wakifanya kazi juu kule Kianjokoma, karibu na msitu wa Mlima Kenya, mwezi wa saba, manyunyu kutwa. Asubuhi wakiwasha, pampu ikilia kama paka aliyebanwa na mlango. Wakadhani ni uzee wa mashine, wakaendelea. Nilipofika, rola za kuvuta matawi zilikuwa zinajikokota na pampu inavuja shingoni. Fundi wa pale alitia kidole kwenye oili, akanitazama, akasema, "Mzee, hapa si Mombasa."

Ilivyo ni hivi. Injini ya mashine ile huzungusha ngoma yenye visu, lakini rola zinazovuta tawi ndani huzungushwa na mota za haidroliki. Pampu hufyonza oili kutoka tangini na kuisukuma kwa nguvu hadi kwenye mota hizo. Oili hiyohiyo ndiyo inayobeba nguvu, inayolainisha pampu, na inayoondoa joto. Ikiwa nzito mno, pampu haipati ya kutosha, ndani hutokea mapovu matupu yanayopasuka na kula chuma. Mlio ule ndio huo. Ikiwa nyepesi mno, hupenya kwenye nafasi za ndani ya pampu, nguvu ikapotea, na vyuma vikasuguana vikavu.

Namba 32, 46 na 68 kwenye mtungi, baada ya herufi ISO VG, ni mnato wa oili ikiwa na nyuzi joto 40. Mnato haukai palepale. Oili ya kawaida ya 46, asubuhi ya nyuzi 10, hupanda kupita 200. Ikichemka kazini hadi nyuzi 80 hushuka karibu na 11. Ile 68 niliyowaambia mimi, katika baridi ile, ilikuwa kama 400. Pampu nyingi za aina hii hufurahi mnato ukiwa baina ya 16 na 36 zikiwa kazini, na chini ya 10 ni hatari.

Kwa hiyo Embu ina mtego wake. Kianjokoma ni baridi, lakini ukiteremka Kiritiri au Siakago, upande wa Mbeere, jua la mchana halina tofauti kubwa na letu. Mashine moja, wiki hii iko juu, wiki ijayo iko chini. Meru ni vivyo hivyo: Timau watu wamevaa makoti, ukiteremka kuelekea Isiolo unatafuta kivuli. Kibao cha tangini kiliandikwa 32, ambayo Ulaya yafaa, na kule juu ingefaa pia. Lakini kuipeleka Kiritiri saa nane mchana ni kuitafutia pampu maradhi.

Tulichochagua ni 46 yenye alama HV, ambayo kwenye mitungi mingine huandikwa HVLP. Hiyo haibadiliki sana kwa baridi na joto. Kwa nyuzi 80 bado hushika karibu 13. Ile yenye HM au HLP peke yake ina dawa ya kuzuia vyuma kulana, na ni nzuri kwa mashine isiyohama. Kama yako hukaa Kilifi au Kwale mwaka mzima ikisaga mivinje na miembe, 46 ya HM yatosha, na 68 ikiwa kitabu cha mashine kinairuhusu. Kitabu ndicho cha kwanza. Ningekiuliza kile, nisingepanda basi la Embu.

Tahadhari na namba za namna nyingine. Oili ya injini ya 30 si nyepesi kuliko haidroliki ya 68. Ni nzito zaidi, kwani kipimo chake ni kingine. Oili ya gia ya 90 usiifikirie kabisa. Oili ya breki ndiyo balaa kubwa, maana huvimbisha na kulainisha sili za mpira mpaka mashine nzima ikatoa machozi. Na kama mashine yako haina tangi lake bali hutumia haidroliki ya trekta, oili ni ile ya trekta, kwa sababu mara nyingi ndiyo inayolainisha gia na breki zake za ndani.

Mashine zilizotoka kwenye misitu ya Ulaya zina jambo jingine. Baadhi hujazwa oili inayooza ardhini, isiyo ya petroli. Ukiona kibao kinachosema hivyo, usiongeze ya kawaida juu yake. Mwaga yote, safisha, maana hata masalia hayatakiwi kuzidi asilimia 2. Kuchanganya oili za kampuni mbili kwa ujumla sipendi, hata namba zikifanana. Dawa zake zaweza kugombana na kuziba filta.

Maana uchafu ndio muuaji mkubwa, kuliko hata namba. Tulipofungua tangi la kina shemeji, chujio la kufyonzea lilikuwa limefunikwa unga wa mbao kama mkate wa mofa. Oili nzito na chujio lililoziba, pampu ingeponea wapi? Walikuwa wakijaza kwa kopo wazi, pembeni mwa mashine inayotema vumbi. Futa mdomo wa tangi kwanza, tumia faneli yenye wavu, nunua mtungi uliofungwa. Oili ya kupimiwa kutoka kwenye pipa ni bahati nasibu.

Oili ikigeuka rangi ya tui, ina maji. Tone lake juu ya kikaangio cha moto litapasukapasuka. Ikinuka kama iliyoungua, badilisha.

Pampu nyingine tuliipata mjini Meru, iliyotumika, na pesa zake zilitoka mfukoni mwangu. Dada alisema si lazima. Nilijua ni lazima.

Jambo moja kijana wa kikundi alinifanya nipige kelele. Aliona hosi ina unyevu, akataka kuipapasa kwa kidole mashine ikiwa inanguruma. Oili inayotoka kwenye tundu dogo kwa shinikizo lile hupenya ngozi kama sindano. Kidonda huonekana kidogo, huenda hata kisiume mwanzoni, lakini oili iliyo ndani huua nyama, na mtu hupoteza kidole au mkono akisubiri hadi kesho. Zima injini, toa ufunguo, acha shinikizo lishuke. Ukitafuta uvujaji, pitisha kipande cha boksi, si mkono. Na aliyechomwa apelekwe hospitali saa hiyohiyo, na daktari aambiwe waziwazi kwamba ni oili ya haidroliki iliyopenya ndani.